Kiungo Kijana Hupimwa Kabla Mpira Haujamfikia

Kwetu Mabwerebwere, wilayani Kilosa, soka lina msimu wake, na msimu huo haupangwi na shirikisho. Unapangwa na mavuno. Mahindi yakishaingia ndani na mpunga ukishapurwa, vijana wanapata nafasi na wazee wanakuwa na chochote mfukoni, basi mashindano yanaanza. Bingwa anaondoka na ng'ombe kama mdhamini ni mtu mzito, na mbuzi kama ni mtu wa kawaida. Timu zinatoka Tindiga, Zombo, Ulaya, Kilangali na Kilosa mjini, na nyingine zinapanda fuso kutoka Mikumi zikiwa na wapiga ngoma wao. Nimefundisha vijana hapo, kwanza wa shule ya msingi kwa ajili ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, baadaye timu ya kata. Katika kazi hiyo swali nililoulizwa kuliko yote ni hili: "Mwalimu, huyu dogo anajua kweli, au anatuzuga?"

Mara nyingi dogo anayeulizwa ni kiungo mchezeshaji. Mshambuliaji hasumbui kumpima. Anafunga au hafungi. Kipa naye mabao aliyofungwa yanahesabika. Kiungo ndiye anayetuponyoka. Kazi yake ni kuamua mpira uende wapi, uende lini na uende kwa kasi gani, na uamuzi hauonekani kwa macho. Kinachoonekana ni mpira unaotembea. Ndiyo maana kijana aliyempiga beki kanzu na tobo anabebwa juu juu, na mwenzake aliyeuachia mpira kwa mguso mmoja, winga akabaki yeye na kipa, anaulizwa njiani mbona leo hukuonekana.

Aliyenifundisha kutazama ni mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyekulia Kilosa enzi ambazo stesheni ile haikulala. Kwa soka la mkoa wetu alikuwa na mengi kichwani. Aliwahi kumshuhudia Zamoyoni Mogella akiwa bado Tumbaku ya Morogoro, kabla Simba hawajamchukua. Aliisimulia Mseto, timu ya Morogoro iliyotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1975, kama mtu anayesimulia harusi ya mtoto wake. Reli ya Morogoro, waliojiita Kiboko ya Vigogo, aliishangilia kwa haki ya mfanyakazi. Alikuja uwanjani kwetu na kigoda chake, akakaa nyuma ya kibendera cha kona, mahali ambapo hakuna mtu mwingine anayetaka kukaa.

Nilimsalimu siku ya kwanza: "Shikamoo, babu."

"Marahaba, Mwalimu. Unamtazama nani leo?"

Nikamwonyesha kiungo wa timu pinzani, kijana aliyekuwa gumzo la wilaya.

"Mpira waachie wengine," akaniambia. "Wewe mtazame shingo."

Nilifuata alivyosema, na mchezo niliouona ulikuwa mwingine kabisa. Kijana yule aliyesifiwa alikuwa anaukodolea mpira macho tangu unatoka kwa kipa hadi unamfikia. Ukishafika mguuni ndipo anainua kichwa kutafuta wa kumpa, na kwa sababu muda huo mkabaji ameshafika, hana budi kupiga chenga. Chenga zake nzuri zote zilitokana na kuchelewa. Watazamaji walikuwa wanashangilia deni likilipwa.

Miaka baadaye nilisoma kazi ya mtafiti wa Norway, Geir Jordet, aliyechunguza picha za viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza ambazo kamera ilimfuata mchezaji na kuuacha mpira. Alihesabu mara ambazo mchezaji anageuza kichwa kuchungulia pembeni na nyuma kabla ya kupokea. Frank Lampard alikuwa akichungulia zaidi ya mara moja kwa kila sekunde mbili. Xavi wa Barcelona alimzidi. Na waliochungulia sana ndio waliofikisha pasi nyingi zaidi kwa wenzao. Mzee wa Kilosa hakuwa na kamera wala kompyuta, lakini yeye na Jordet walikuwa wanatazama kitu kilekile.

Uwanja wetu wenyewe unastahili kuelezwa, maana nao ni sehemu ya kipimo. Ni uwanja wa shule. Upande mmoja umeinama, wakati wa kiangazi ni vumbi na mabonge ya udongo yaliyokauka kwa kwato za ng'ombe, na katikati ya duara kuna mwamba mdogo ambao kila mwenyeji anaujua na kila mgeni anajikwaa. Mpira haufiki kama ulivyotumwa. Kijana anayeonekana ana mguso mbaya wa kwanza kwenye uwanja huu huenda akawa na mguso mzuri tu, na anayeonekana hodari wa kupiga mipira mirefu huenda amezoea kuukwepa mwamba. Mimi hapo huangalia mkao wa mwili. Je, anapokea akiwa amefungua nyonga, mguu wa mbali ukiwa tayari, au anapokea akiwa ameupa mgongo ulimwengu mzima? Bonge la udongo linaweza kuuharibu mpira. Haliwezi kuharibu namna mtu alivyosimama.

Nusu fainali moja dhidi ya timu ya Mikumi ndiyo iliyonifanya niamini haya moja kwa moja. Tulikuwa na kijana wa namba nane, mwembamba, mkimya, aliyevaa daluga za kaka yake zilizomzidi akajaza kitambaa mbele. Kipindi cha kwanza beki wetu wa kati alikuwa na mpira, na kabla hajaupiga, kijana akachungulia bega la kulia, kisha la kushoto. Kushoto akamwona mkabaji anakuja mbio. Akageuza nyonga kidogo upande wa kulia. Mpira ukaja, ukagonga bonge, ukaruka. Hakujaribu kuutuliza, aliuacha upite mbele ya mwili wake, akaugusa kwa nje ya mguu wa mbali, na mkabaji akapita kama basi lililokosa kituo. Kijana alikuwa tayari ametazama mbele. Pasi aliyoitoa haikuwa ya nguvu. Ilikwenda ikapunguza mwendo yenyewe, ikafia hatua mbili mbele ya winga, kwenye kasi yake, asilazimike kusimama wala kujinyoosha. Tukio zima halikufika sekunde tatu, na uwanja haukupiga kelele yoyote.

Mapumziko kocha wa Mikumi alifanya kazi yake. Alimpa kijana wetu mkabaji wa mtu kwa mtu, jamaa wa miraba minne mpakia magunia, aliyeambiwa asimwache hata akienda kunywa maji. Kwa muda mrefu wa kipindi cha pili kijana hakugusa mpira. Kelele zikaanza: "Mtoe huyo! Keshachoka!" Mjumbe mmoja wa kamati alinifuata hadi kwenye benchi akitaka nimbadilishe.

Kijana akaanza kutembea. Alitembea, hakukimbia, kuelekea mstari wa pembeni upande wa kulia, na jamaa wa miraba minne akamfuata hadi huko. Katikati pakabaki wazi. Beki wetu wa kati, mtu asiyevuka mstari wa kati mara kwa mara, aliona njia, akaburuza mpira mita ishirini hivi bila kuguswa na mtu, akampa mshambuliaji, bao. Watu wakaingia uwanjani.

Babu aliniita kutoka kwenye kigoda chake. "Bao la nani hilo, Mwalimu?"

"La mshambuliaji, babu."

"Tazama nani amesimama kule pembeni na mlinzi wake."

Siku ile nilimpima pia kwa yale aliyoyakosa, na niliyaandika. Mguu wa kushoto ulikuwa wa kusimamia tu. Pasi ndefu ya kuhamisha mchezo kutoka upande mmoja hadi mwingine ilikuwa inaishia njiani. Kubwa kuliko yote, alikuwa hasemi. Kiungo anayeona wa kwanza asipoitangaza hatari, wenzake wanaigundua ikiwa imeshafika mlangoni. Kumpenda mchezaji hakumzuii kocha kuandika haya, na kijana asiyeambiwa upungufu wake na watu wa kwao ataambiwa na wageni kwa lugha kali zaidi.

Mwaka uliofuata alikwenda Morogoro mjini kwenye majaribio ya timu moja ya vijana. Nauli ilichangwa. Vijana walikuwa wengi mno, wakagawanywa makundi, kila kundi likapewa dakika 20, jezi za kuazimana, na hakuna aliyejua jina la mwenzake. Nilikaa kwenye jukwaa nikaangalia. Kila aliyepata mpira alikwenda nao hadi aliponyang'anywa, kwa sababu kila mmoja alikuwa na dakika 20 za kubadilisha maisha yake, na nani atazitumia kumpasia mtu asiyemjua? Kijana wetu alifungua mwili, akachungulia, akajiweka kwenye nafasi, akangoja. Mpira ulimfikia mara chache sana. Alishukuriwa pamoja na wengi wengine, tukarudi.

Majaribio ya namna ile yanampima mpiga chenga na mwenye mbio. Hayawezi kumpima mchezeshaji, maana kazi yake haipo mpaka wapatikane watu wanaokubali kupokea. Anayetaka kumjua kweli angemweka na watu walewale wanne kwa mazoezi ya siku kadhaa, aone kama ameshajua nani anataka mpira mguuni na nani anautaka mbele. Kisha angembadilishia wenzake. Kisha angempunguzia mtu mmoja timu yake ikiwa nyuma kwa bao, aone kama bado anauomba mpira. Hilo la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa sababu timu inapozidiwa, wengi hujificha nyuma ya mgongo wa mpinzani wakijifanya wanajipanga.

Wenzetu wa Marekani wana soka lao la kurusha kwa mikono, na ndani yake yupo mtu anayefanana na kiungo wetu, wanamwita quarterback. Kila shambulio linaanzia mikononi mwake na ana sekunde chache za kuamua kabla hajaangushwa chini. Klabu zao huchagua vijana wa vyuo vikuu kwa zamu kila mwaka, baada ya kuwapima urefu, mbio na nguvu za mkono kwa saa na tepu. Mwaka 2000 kijana aitwaye Tom Brady wa Chuo Kikuu cha Michigan aliachwa hadi zamu ya 199, na wachezaji sita wa nafasi yake walichukuliwa kabla yake. Vipimo vya mwili vilimkataa. Alipata nafasi ya kudumu mwaka 2001 baada ya aliyekuwa mbele yake kuumia, na alipostaafu alikuwa ametwaa ubingwa wa ligi ile mara saba. Nchi yenye fedha, vifaa na wataalamu kiasi kile ilishindwa kuona kilichomo kichwani mwa kijana anayeamua. Basi mjumbe wa kamati ya kata nasi tumvumilie.

Kwetu mfano wa kutazama vizuri ulitoka Lubumbashi. Mwaka 2011 TP Mazembe ya huko Kongo walicheza na Simba kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, na mwaka huohuo wakamchukua Mbwana Samatta. Walimwona akiwa dhidi yao, mabeki wao wenyewe wakiwa ndio kipimo, kwenye mechi ambazo timu yake ilizidiwa. Kisha hawakumharakisha. Alikaa Kongo hadi Januari 2016, akiwa ameshatwaa ubingwa wa Afrika wa mwaka 2015 na tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, ndipo akaenda Genk ya Ubelgiji. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi na Genk wakawa mabingwa. Samatta ni mshambuliaji, najua, lakini subira ile ndiyo ninayoitaka kwa viungo wetu, ambao kwa kawaida huchelewa zaidi kukomaa.

Siku hizi watu wana takwimu, na mimi nazipenda. Msimu wa 2023/24 wafungaji wawili wa kwanza wa Ligi Kuu yetu walikuwa viungo: Stephane Aziz Ki wa Yanga kwa mabao 21 na Feisal Salum, Fei Toto, wa Azam kwa mabao 19. Fei Toto alitoka JKU ya Zanzibar akaja Yanga mwaka 2018 akiwa kijana wa miaka 20, na miaka yake ya Yanga alichezeshwa mara chini, mara juu, kwa kadiri ya kocha na wenzake waliokuwepo. Wapo waliomwita wa kawaida kwa sababu hakuwa na mabao mengi. Alipokwenda Azam mwaka 2023 akapewa kazi karibu na lango, mabao yakaja. Miguu ilikuwa ileile. Kwa hiyo ninapoonyeshwa idadi ya mabao ya kiungo kijana, kwanza nauliza alisimamishwa wapi, na nani alikuwa nyuma yake akimkabia. Pasi ya bao nayo inamtegemea mfungaji. Kiungo mwenye mshambuliaji butu atamaliza msimu na pasi chache za mabao hata kama kila wiki alimweka mtu na kipa. Mimi huhesabu pasi iliyotangulia pasi ya bao, na mipira aliyopoteza mahali ambapo kuipoteza kunaiumiza timu. Mingine akiipoteza karibu na lango la wapinzani akijaribu kupenyeza, nasamehe. Asiyepoteza kamwe hajathubutu.

Na umri. Hili linanikera, na nitalisema wazi. Mwaka 2005 timu yetu ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilifuzu kwenda fainali za Afrika Gambia, ikaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Mwaka 2017 sisi ndio tuliofaidika: Congo-Brazzaville walitutoa uwanjani, lakini mchezaji wao hakufika kwenye kipimo cha picha ya mfupa wa kifundo cha mkono, wakaondolewa, Serengeti Boys wakaenda Gabon. Huko walitoka sare na Mali, wakawafunga Angola 2-1, wakapoteza 1-0 kwa Niger na kukosa nusu fainali kwa tofauti ndogo. Kipimo kile cha picha FIFA walikianzisha kwenye fainali za vijana za mwaka 2009 Nigeria. Sisi wa ngazi ya kata hatuna mashine, tuna macho na vyeti vya kuzaliwa, na mara nyingine cheti chenyewe kina wino mbichi. Kijana mwenye miaka 19 anayecheza na wa miaka 15 anashinda kila mpira kwa kifua, wala halazimiki kufikiri. Mdogo halisi, aliyezungukwa na majitu, analazimika kuachia mpira mapema, kuchungulia, kukwepa, kujua. Anajifunza uchezeshaji kwa sababu hana njia nyingine, na ndiye tunayemwacha nyumbani timu ikienda mkoani, tukisema hana mwili.

Majina tunayowapa nayo ni mzigo. Kelvin John alipokuwa Serengeti Boys aliitwa Mbappé, na Aprili 2019 mashindano ya Afrika ya vijana yalipofanyika Dar es Salaam nchi nzima ilimngoja Mbappé. Timu ilifungwa na Nigeria 5-4, na Uganda 3-0, na Angola 4-2. Baada ya hapo nilisikia vijiweni kwamba kizazi kile kimekwisha, wachezaji wakiwa na miaka 15 na 16! Kelvin alikwenda kusoma na kucheza Uingereza, akajiunga na Genk mwaka 2021, kisha Aalborg ya Denmark mwaka 2024. Hiyo ni njia ya mtu anayejifunza kazi, ngazi kwa ngazi. Mabao manne dhidi ya Nigeria hakuna aliyeyajadili kijiweni kwetu.

Kiungo wetu wa daluga zilizojazwa kitambaa sasa anacheza ligi ya mkoa. Juzi wakala mmoja alinipigia simu akaomba klipu ya dakika mbili. Nikamwambia sina, ila Jumapili tunacheza ugenini Mikumi, na Jumapili inayofuata nyumbani na timu inayotuzidi; aje zote mbili, akae nyuma ya kona. Akauliza, basi kwa maneno yangu, kijana ni mzuri kiasi gani? Nikamjibu kama nilivyoandika kwenye daftari. Anaona mapema kuliko mchezaji yeyote niliyemfundisha. Akibanwa haombi kutoka. Mguu wa kushoto umeshaamka, pasi ya mita thelathini inafika, ya arobaini bado. Ameanza kusema uwanjani, ingawa sauti ni ndogo. Kwa Championship, ngazi iliyo chini ya Ligi Kuu yetu, nina hakika naye leo. Kwa Ligi Kuu apewe msimu mzima kati ya watu wazima wanaomzidi nguvu, halafu wakala anipigie tena.